Bushi ya kamshafti hushikwa na kipimo, si gundi

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita nilipanda treni Miritini, nikashuka Nairobi, kisha nikadandia matatu hadi Nakuru. Safari yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya kipande cha chuma kinachotosha katika kiganja cha mtoto. Naomba unistahimili leo nikieleze kipande hicho, kwa sababu kimemmalizia dada yangu pesa za chama za mwaka mzima. Na wewe pia kinaweza kukutia hasara, ukiwa na pikapu ya zamani, Land Rover ya shamba au mashua yenye injini.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kisauni, anaishi Kiamunyi, kitongoji cha Nakuru kilicho kando ya barabara ya kuelekea Kabarak na Eldama Ravine. Mchana anasafirisha mboga. Jioni na siku za mapumziko anashughulika na ndoto yake: Datsun 1200 ya zamani anayoitengeneza kwa mashindano madogo ya magari. Tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, na kituo chake kuwa Naivasha, barobaro wengi wa kaunti ya Nakuru wamepatwa na homa hiyo. Siwalaumu. Sisi wenyewe tulikua tukisikia habari za Joginder Singh na Shekhar Mehta, Wakenya waliowashinda wazungu waliokuja na magari ya viwandani.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu ya Mombasa, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kwa hiyo fundi anayetaka mwendo huko bara haridhiki na injini kama ilivyotoka kiwandani. Hubadilisha kamshafti akaweka kali zaidi, akaongeza springi ngumu za valvu, na injini akaizungusha kwa kasi kubwa kuliko ilivyozoea. Mpwa wangu alifanya yote hayo. Injini ikawaka vizuri, ikanguruma, na akanitumia video kwenye simu akicheka.

Wiki ya nne ikaanza kugonga juu, upande wa roka. Akatazama geji ya oili: presha nzuri. Akaendelea. Siku ya mashindano, mzunguko wa tatu, injini ikakwama. Akanipigia: "Mjomba, wewe una diploma ya mitambo. Njoo unitazamie." Diploma yangu ina zaidi ya miaka 20 na kwa muda mrefu sasa imekula vumbi, lakini damu nzito kuliko maji. Nikaenda.

Kamshafti na bushi zake

Tuanze na msingi, ili asiye fundi asiachwe nyuma. Kamshafti ni ule mhimili wenye vinundu unaofungua valvu za injini. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Katika injini za zamani kama ile ya Datsun 1200, kamshafti hukaa ndani ya bloku, chini, na kusukuma vijiti virefu vinavyopanda hadi kwenye roka.

Mhimili huo haukai kwenye chuma cha bloku moja kwa moja. Hukaa ndani ya pete nyembamba zilizosukumwa kwa nguvu kwenye matundu ya bloku. Kitaalamu ni beringi, lakini mafundi wetu huziita bushi, nami nitaziita hivyo. Nje bushi ni chuma cha pua, na ndani imepakwa madini laini. Kila bushi ina tundu dogo la oili, nalo lazima litazamane na tundu la oili lililo kwenye bloku.

Kazi ya bushi ni mbili. Kwanza, kuubeba mhimili juu ya utando mwembamba wa oili. Pili, katika injini nyingi za aina hii, oili inayopanda kulainisha roka hupitia kwenye bushi mojawapo. Shika sana hiyo ya pili, kwa maana ndiyo iliyomponza mpwa wangu.

Sasa bushi imefungwa na nini? Haina nati wala skrubu. Imeshikwa na mbano peke yake: kipenyo chake cha nje ni kikubwa kidogo kuliko tundu inamoingia. Tofauti hiyo ni sehemu chache tu za mia za milimita, kama unene wa unywele mmoja. Mbano ukiwepo, bushi haisogei miaka na miaka. Ukikosekana, bushi huanza kufuata mhimili na kuzunguka nao, au kutembea ikatoka mahali pake.

Kwa nini huumia injini ya mashindano

Injini ya kwenda sokoni inaweza kuvumilia bushi iliyolegea kidogo. Springi zake ni laini na kasi yake ni ndogo. Injini ya mashindano haivumilii. Kila valvu inapofunguliwa, springi husukuma kurudi chini, na mzigo huo wote huishia upande wa chini wa bushi. Ukiweka springi ngumu maradufu, umeongeza mzigo maradufu juu ya pete ileile. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 3,500, na kila mzunguko unajaribu kuiburuta bushi.

Kuna na sababu nyingine. Bloku ya zamani iliyowahi kuchemka mara kadhaa hupinda kidogo. Matundu ya kamshafti yasipokuwa katika mstari mmoja, mhimili huibana bushi moja kuliko wenzake. Bushi hiyo hupata joto, madini yake laini hushikana na mhimili, na ikiwa mbano wa nje ni dhaifu, huzunguka.

Nilipofika Kiamunyi, mpwa wangu alikuwa amekwisha kununua pampu mpya ya oili, akiamini ile ya zamani ndiyo mkosaji. Jirani yake mmoja, mzee aliyestaafu ufundi baada ya kufunga injini za malori na matrekta maisha yake yote, alikuja akasimama juu ya bloku, mikono nyuma. Hakugusa pampu. Akasema, "Kijana, toa kamshafti kwanza, halafu lete tochi."

Tukaitoa. Bushi ya katikati ilikuwa imezunguka kiasi cha upana wa kidole. Tundu lake la oili lilikuwa linatazama chuma kitupu, na tundu la bloku limezibwa na mgongo wa bushi. Roka zilikuwa zimekauka kwa wiki kadhaa. Geji nayo haikuwa mbovu. Njia ya oili ikizibwa, presha upande wa huku, kabla ya kizuizi, haishuki. Geji ilikuwa inapima mahali ilipofungwa, na mahali hapo palikuwa na oili tele. Ndiyo maana mlio wa kugonga haufai kupuuzwa ati kwa sababu sindano imesimama vizuri.

Fundi aliyezifunga alifanya nini

Mzee aliitoa bushi ile kwa vidole. Bushi iliyofungwa sawa haitoki kwa vidole hata siku moja. Ndani ya tundu la bloku tukaona michirizi ya patasi: bushi za zamani zilikuwa zimetolewa kwa kugongwa, na patasi ikalikwaruza tundu. Kisha, kwa kujua kwamba bushi mpya imelegea, fundi huyo alipiga alama tatu za senta panchi kwenye ukingo wake ili iume, akapaka na gundi. Mpwa wangu hakuambiwa lolote. Alilipa, akachukua bloku, akashukuru.

Simtaji fundi huyo wala mahali alipofanyia kazi, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Lakini nitasema hili: kazi iliyofichwa ndani ya chuma ni amana. Mwenye mali hawezi kuiona. Anachokiona ni bei tu.

Hebu tuzitazame njia hizo moja moja, kwa sababu kila moja ina watetezi wake.

Panchi. Ukipiga ukingo wa bushi kwa panchi, unanyanyua vinundu vitatu au vinne vya chuma. Bushi inashikwa na ncha hizo tu badala ya mzunguko wake wote. Isitoshe, pigo hilo huisukuma bushi ndani kidogo, na mahali pale utando wa oili unakuwa mwembamba. Ni njia ya dharura ya kufika nyumbani, si ya kushindania.

Gundi. Ziko gundi maalumu za kushikizia chuma kwa chuma, na si uongo kwamba zina nguvu. Lakini hufanya kazi pale penye usafi kamili, bila tone la mafuta, na pale ambapo pengo ni dogo sana. Zikimiminika kwenye tundu la oili huliziba, na zikipata joto kali hulegea. Mzee wa Kiamunyi alisema anaweza kuitumia kama msaidizi juu ya mbano uliopo. Badala ya mbano, hapana.

Pini au skrubu. Baadhi ya wajenzi wa injini za mashindano hutoboa bloku na kuweka pini ndogo au skrubu inayoingia kwenye bushi ili isizunguke. Hii ni njia halali ikifanywa na mkerezaji anayejua kazi, pini isitokeze kugusa mhimili, na isiwekwe upande wa chini unaobeba mzigo. Hata hivyo, pini huzuia bushi kuzunguka tu. Hairudishi mbano, na bushi isiyogusana vizuri na bloku haiwezi hata kupitisha joto lake nje.

Dawa ya kweli ni kulirudisha tundu kwenye kipimo. Ikiwa tundu limepanuka, bloku ipelekwe kwa mkerezaji, matundu yote yapanuliwe katika mstari mmoja, na ziwekwe bushi zenye kipenyo kikubwa zaidi cha nje. Zisipopatikana, bushi hukerezwa maalumu. Ni gharama, ndiyo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na mpwa wangu sasa anajenga ukuta: kamshafti mpya, roka mpya, na kuikereza bloku juu yake.

Hatua za kuifunga bushi sawasawa

Siku mbili nilikaa kwenye kibanda kile nikiandika alichokuwa akisema mzee. Haya ndiyo muhimu.

Bushi za zamani hutolewa kwa kifaa cha kuvuta au kusukuma kilicho na kipenyo chake, si kwa patasi. Baada ya hapo bloku huoshwa, na kila njia ya oili hupitishwa brashi na kupulizwa hewa.

Kila tundu hupimwa kwa geji ya ndani, mara mbili, wima na mlalo, ili kujua kama limekuwa yai. Vipimo huandikwa kwenye karatasi. Katika bloku ya mpwa wangu, tundu la katikati lilikuwa limezidi wenzake kwa milimita 0.06. Kwa macho huoni kitu. Kwa bushi, hicho ndicho kilikuwa mbano wake wote.

Bushi zenyewe hukaguliwa moja moja. Si lazima ziwe sawa zote katika kisanduku kimoja: katika injini nyingi hutofautiana kipenyo au mahali pa tundu. Ukizichanganya, utapata moja iliyolegea na nyingine inayokataa kuingia.

Ukingo wa tundu la bloku hulainishwa kwa mshazari mdogo, ili usiinyoe bushi inapoingia. Bushi ikinyolewa mgongo, mbano umekwenda. Kisha huwekewa alama ya kalamu mahali lilipo tundu la oili, na kuvutwa ndani polepole, ikienda wima bila kuinama. Hapa mkono wa fundi hujua: bushi inayoteleza kwa kugongwa kidogo si bushi iliyokaa. Simamisha kazi, pima upya.

Ikishaingia, waya mwembamba hupitishwa kwenye kila tundu la oili kuthibitisha kwamba njia iko wazi. Injini nyingine zinataka bushi zipitiwe na mashine kwa pamoja baada ya kufungwa, ili zilingane katika mstari mmoja. Mwongozo wa injini husema. Mwisho, kamshafti hupakwa oili na kuingizwa. Inapaswa kuzunguka kwa vidole, bila kushika popote.

Jambo moja huchanganywa na wengi: bushi hazizuii kamshafti kwenda mbele na nyuma. Kazi hiyo hufanywa na bamba la mbele, nalo lina kipimo chake. Na kule nyuma ya bloku kuna kizibo. Bushi ya mwisho ikisukumwa kupita kiasi, au kizibo kikikaa vibaya, oili itavuja na utalaumu sili nyingine.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, zungusha pampu hadi uone oili ikitoka kwenye roka zote. Usiridhike na geji. Kwa kamshafti mpya ya aina hii ya zamani, injini huwashwa na kushikiliwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika kwa dakika 20 hivi. Isiachwe ikaunguruma polepole, ili vinundu vipate oili ya kutosha wakati vinazoeana.

Bloku ya aluminiamu ina hesabu yake

Bloku ya mpwa wangu ni ya chuma cha kutupwa, na hicho hupanuka kwa joto karibu sawa na mgongo wa bushi. Lakini wako wenye Range Rover na Land Rover za V8 za zamani, ambazo bloku yake ni aluminiamu. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma.

Chukua tundu la milimita 50. Injini ikitoka nyuzi 20 hadi 100, tundu la aluminiamu litapanuka kama milimita 0.09, na bushi ya chuma kama 0.05. Maana yake umepoteza karibu milimita 0.04 za mbano. Kama uliifunga bushi ikiwa na mbano wa 0.06, injini ikipata moto umebaki na 0.02 tu. Ndiyo maana bushi inaweza kuonekana imebana vizuri kwenye meza ya fundi asubuhi, na kuzunguka barabarani adhuhuri. Wenye bloku za aina hii wasikubali kabisa kazi ya kukadiria.

Je, Probox yangu?

Utaniuliza, mbona gari langu la kisasa halina bushi hizo? Ni kweli. Katika Toyota na Subaru nyingi za leo, kamshafti hukaa juu, kwenye silinda hedi, moja kwa moja juu ya aluminiamu, na hufunikwa kwa vifuniko vinavyokazwa kwa bolti. Hakuna pete ya kuzunguka. Lakini somo ni lilelile. Vifuniko hivyo vilitobolewa vikiwa vimefungwa kwenye hedi ileile, kwa hiyo kila kimoja kina nafasi yake na uelekeo wake. Ndiyo maana vina namba na mishale. Fundi anayevimwaga kwenye karai pamoja na nati, kisha akavirudisha kwa kubahatisha, au akakaza kwa nguvu za mkono bila spana ya kipimo, anaweza kuikamatisha kamshafti siku hiyohiyo.

Hata Datsun 240Z, gari alilolitumia Mehta kushinda Safari mwaka 1973, kamshafti yake hukaa kwenye minara midogo iliyofungwa juu ya hedi. Anayeifungua minara hiyo bila sababu hupata taabu ya kuirudisha katika mstari.

Uliza kabla ya kulipa

Msomaji, si lazima uwe fundi ili ulinde mali yako. Unapopeleka injini kufungwa upya, awe ni fundi wa Kiamunyi, Changamwe au Malindi, muulize mambo matano. Bushi za zamani ulizitoa kwa kifaa gani? Vipimo vya matundu viko wapi, vimeandikwa? Mbano wa kila bushi ni kiasi gani? Umehakikishaje matundu ya oili yametazamana? Na kamshafti inazunguka kwa vidole? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mtu anayejali kazi yake. Anayekujibu "usijali, nimeshazoea" ndiye wa kuogopa.

Na kwa vijana wetu wa pwani wanaotaka ufundi: wazee wetu hawakuudharau. Chuo kikuu cha ufundi tulicho nacho Mombasa leo mizizi yake ni chuo cha elimu ya Waislamu kilichoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kufundisha kazi kama hizi. Jifunzeni kupima. Nyundo kila mtu anayo, lakini geji ya ndani, na subira ya kuisoma mara mbili, ni wachache walio nayo.

Bloku ya mpwa wangu imerudi kutoka kwa mkerezaji. Safari hii amebandika karatasi ya vipimo ukutani, juu ya meza yake ya kazi, na mzee wa jirani ameipitia kwa miwani, mstari kwa mstari. Dada yangu alipiga simu kuuliza kama pesa zake za chama zitarudi. Nilimjibu ukweli: zile za kwanza hazirudi. Za mara hii, insha Allah, zimekaa mahali pake.